Blanketi la Mtani

Temeke, Jumapili alasiri

Kondo mwanangu,

Katika watu wote wa Temeke waliokwenda vita vya Mfalme, na walikwenda wengi, ni mimi peke yangu niliyewasimamishia Waingereza vita vyao. Sijisifu, nasema kilichokuwa. Asubuhi nzima meja mmoja, kapteni mmoja na luteni mmoja waliweka bunduki chini, wakawaacha Wajapani wafanye watakavyo, wakavaa nguo za pasi katikati ya matope ya Bama, huko ng'ambo ya Bara Hindi, wakakaa nyuma ya meza kunisikiliza mimi, Mwinjuma, Mzaramo niliyeishia darasa la tatu. Kuna machifu hawajapata heshima hiyo mpaka wamezikwa.

Habari hiyo nimekuhadithia tangu ulipokuwa ukikaa mapajani pangu. Ulikuwa ukiniuliza, "Baba mdogo, walikuita kwa nini?" nami nikikujibu kwamba walitaka shauri langu. Leo nakueleza waliniitia nini. Kesho asubuhi unapanda treni kwenda kuwa askari wa Malkia, na huko kambini yuko mtu anayeijua habari hii vizuri kama mimi. Nikinyamaza utaisikia kwa wenzake, na watakuambia kwamba baba yako mdogo alifukuzwa jeshini kwa wizi.

Nataka uisikie kwangu kwanza. Kisha uamue mwenyewe nani wa kumwamini, kwa sababu mtu huyo ndiye atakayekuwa mkubwa wako.

Umekwenda Kigamboni kumuaga bibi yako, na bibi yako hamwachii mtu mlango mpaka amemlisha mara mbili, basi ninayo nafasi ya kuandika. Mambo ya sanduku, ya dawa ya tumbo, ya kutolala na soksi mbichi, mama yako mdogo amekuambia mpaka masikio yamechoka. Mie nakuandikia ya korti. Maana ile meza ndiyo ilikuwa korti ya jeshi, Kondo, na mshitakiwa alikuwa mimi.

Mihambo unamjua. Ndiye yule Sajini Meja aliyewapanga mstari pale uwanjani mlipokwenda kupimwa, ukarudi nyumbani unacheka, unasema, "Sajini Meja ni Mnyamwezi, kanipiga begani, kaniambia nyie Wazaramo hamna kitu ila wewe angalau una miguu." Ulifurahi kupata mtani mkubwa jeshini. Mie niliacha wali sahanini nikatoka nje, na wewe ukadhani tumbo limenikamata.

Mtu huyo nililala naye hema moja tangu mafunzo, tukaenda kisiwa cha Silani, tukaenda Bama. Siku ya kwanza kambini alisimama mlangoni akauliza, "Humu nani Mzaramo?" Nikasema mimi. Akachukua kofia yangu kichwani akaivaa, akaenda zake. Nami nikachukua sabuni yake nikaenda kuoga. Tulikuwa ndugu kabla hatujajuana majina. Akiniona nimekaa anasema, "Mungu aliwapa Wazaramo makalio ili wapate cha kukalia ngoma ikilia." Nami namwambia, "Na nyie aliwapa kichwa bapa ili mzigo wa watu usianguke." Koplo wetu, mtu wa Uganda, alitutenganisha mara kadhaa akidhani tunataka kuuana. Tukamweleza kwamba ni utani, kwamba mababu walipatana hivyo, Mzaramo na Mnyamwezi hawakasirikiani. Alitutazama kama wendawazimu.

Ningemwangalia vizuri yule koplo siku ile. Kama Mwafrika mwenzetu hakuelewa, meja angeelewa nini?

Sasa sikiliza lilivyoanza. Tukiwa Bama, mvua haikatiki, ruba wanaingia mpaka ndani ya soksi, Mihambo akapata habari kwamba mama yake amefariki. Hakulia. Alikaa kwenye kitanda chake akisafisha bunduki ambayo ilikuwa safi. Siku hiyo hakula, kesho yake hakula. Hakunitukana hata tusi moja. Nikaona mtu huyu akienda mstari wa mbele hivi atasimama tu mpaka apigwe. Na hapakuwa na Mzaramo mwingine katika kombania yetu, kazi ya mtani ilikuwa yangu. Nyumbani ningejilaza kaburini nikakataa kutoka mpaka nikombolewe. Kule hakukuwa na kaburi. Kulikuwa na blanketi lake.

Nikalivuta alipokuwa amelikalia.

"Mama yako kanitokea," nikamwambia. "Kasema hili ni urithi wangu, wewe huna adabu, unalala mpaka jua kali."

"Rudisha, Mzaramo."

"Nikomboe. Sigara mbili, na umwimbie marehemu wimbo mmoja kwa sauti."

"Sina sigara."

"Basi mama yako ataamka kesho aje kukutafutia, maana ukubwa wote huo huwezi kujitafutia kitu."

Akanitupia buti, likanipata hapa kwenye nyusi. Kovu hili ambalo nimekuwa nikiwaambia watoto wa mtaani ni la upanga wa Mjapani, ni buti la Mihambo. Baada ya kunipiga alianza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka akamaliza, nami nimekaa pembeni na blanketi lake begani, nikijiona daktari. Nililitia kwenye mzigo wangu ili kesho anikomboe vizuri mbele ya watu, kama inavyotakiwa.

Kabla ya mapambazuko tukapelekwa baadhi yetu kubeba risasi mlimani. Sikupata hata kuvaa vizuri. Nyuma yangu kapteni mpya, hajamaliza hata juma moja kwetu, akaamuru kila mtu atandike vifaa vyake chini vikaguliwe. Kupoteza kifaa cha Mfalme ni kosa, na adhabu yake ni kufungwa. Wakafika kwa Mihambo.

"Blanketi?"

"Limeibiwa, Bwana."

Waliokuwepo ndio walionieleza. Naamini alisema hivyo ili apate saa chache, akijua nikirudi nitamtupia blanketi lake na mambo yataisha. Mie mwenyewe ningeweza kusema vivyo hivyo. Lakini neno limeibiwa, ukishamwambia ofisa, si lako tena, linaandikwa. Jioni nimerudi, mabega yamechubuka, nawakuta wamefungua mzigo wangu, na blanketi lile liko chini, kwenye buti za sajini aliyepekua. Mihambo amesimama mkao wa gwaride anatazama kilele cha mti.

Asubuhi nikapelekwa mbele ya mkubwa wa kikosi. Akaniuliza kupitia mkalimani swali ambalo na wewe unaweza kuulizwa, kwa hiyo lisome polepole: unakubali nikuhukumu mimi hapa hapa, au unataka korti ya jeshi? Usiku ule koplo Mganda alikuwa amenisihi. "Mwinjuma, kubali. Atakupa siku chache za kotagadi, mahabusu ya hapa hapa kambini, utakata kuni, utatoka." Mie? Nilikuwa nimeona korti moja kwa mbali pale Silani, nikaona watu wanavyosimama, wanavyopiga saluti, wanavyoandika kila neno analosema mshitakiwa. Nikajiambia, hapo ndipo pa mtu kama mie. Nikakaza kifua nikasema nataka korti.

Haki ya kuomba korti ni haki kweli, Kondo, usiwaachie wakuogopeshe nayo. Kuna watu waliponea hapo. Ila mimi niliiomba kama mtu anayetaka kiti cha mbele kwenye harusi. Sikuwa nimejiuliza nani atasema nini nikishafika.

Sheria yao inasema mshitakiwa apewe ofisa wa kumsaidia, wanamwita rafiki wa mshitakiwa. Rafiki yangu alikuwa luteni kijana, pua imebanduka ngozi kwa jua, Kiswahili chake cha kuombea maji ya moto. Alikuja na mkalimani siku moja kabla.

"Ulichukua blanketi?"

"Nilichukua, Bwana."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipojiua. Ningesema: ni mila yetu, huyu ni mtani wangu, alifiwa, nilichukua mbele ya macho yake, waiteni waliokuwemo hemani. Maneno hayo yanatosha. Lakini nilimwona Mzungu ameniandalia kalamu, nikaona nimpe kitu cha maana. Nikaanzia kwa babu yangu mkubwa, nikasema alikutana na msafara wa Wanyamwezi hapa pwani, akapigana na mkuu wao siku saba ndani ya maji mpaka mamba wakaja kuwaamua, na mamba mmoja ndiye aliyewaapisha kuwa watani. Nilieleza vizuri mno. Mkalimani alikuwa anacheka. Yule luteni akaandika kidogo, akaacha, akafunga daftari. Nilidhani ameridhika.

Alikuwa ameamua kwamba mimi ni mwongo. Na ofisa anayekuona mwongo hawezi kukutetea hata akitaka. Mashahidi wa hemani hakuwaita hata mmoja.

Basi tukafika siku yenyewe. Hema kubwa, kuta zimefungwa nusu. Meza ilikuwa imetandikwa blanketi la jeshi, na hakuna aliyeuliza la nani. Nilivuliwa kofia na mkanda. Mashitaka yakasomwa kwa Kiingereza, kisha mkalimani akayasoma kwa Kiswahili cha bara ambacho nusu yake sikuipata, nikatikisa kichwa kwa heshima. Usitikise kichwa, mwanangu. Kama hukusikia sema hukusikia, hata wakinuna. Wao wanaandika kwamba umeelewa.

Mihambo akaitwa. Akashika Biblia akaapa. Alikuwa amenyoa, buti zinang'aa, na mkononi ameshapata utepe mmoja wa cheo. Moyo wangu ulitulia kumwona. Nilikuwa na hakika kabisa, kuliko ninavyojua jina langu, kwamba mtu huyu akifungua mdomo nitakuwa huru.

Meja akamuuliza, "Blanketi hili ni lako?"

"Langu, Bwana."

"Ulimruhusu mshitakiwa alichukue?"

"Sikumruhusu, Bwana."

Hapo alisema kweli. Mtani haombi ruhusa, ndiyo maana ni mtani. Luteni wangu akainuka, na lazima niseme haki yake, aliuliza swali moja zuri. "Mshitakiwa anasema kuna mila kati ya kabila lako na lake, kwamba mmoja akifiwa mwenzake huchukua kitu chake kwa mzaha. Je, ni kweli?"

Mvua inapiga turubai. Mihambo alikuwa anatazama juu ya kichwa cha meja. Nami nikaelewa kinachompitia kichwani. Akisema ndiyo, alidanganya mbele ya kapteni aliposema limeibiwa, na kumshitaki mwenzako kwa uongo nako ni kosa, utepe unatoka siku hiyo hiyo, naye anakaa mahali nilipokaa.

"Mila hiyo siijui, Bwana," akasema.

Kondo, mie nimepigwa na mabomu, nimeumwa malaria mpaka nikamwona baba yangu. Sijapata kusikia kitu kama hicho. Aliyeambiwa siijui si mimi peke yangu. Ni kofia yangu aliyoivaa siku ya kwanza, ni kilio cha mama yake nilichomtoa.

Nikafanya jambo ambalo hakuna Mwingereza atakayelielewa mpaka dunia iishe. Nikasema moyoni, nikimtukana atacheka, na akicheka wote wataona. Mtu hawezi kutukanwa na mtani wake asicheke, hata akiwa mbele ya mfalme. Nikapaza sauti pale pale kortini: "Wewe Mnyamwezi kichwa bapa, mama yako alikufa kwa kuona aibu ya sura yako, na mizigo yote uliyobeba hujawahi kubeba akili."

Mdomo wake ulitikisika. Wallahi nimeuona, upande wa kushoto, hapa. Nikangojea. Niliongeza na jingine, la makalio ya nyani, silirudii. Akameza mate, akakaza shingo. Hakucheka.

Meja aligonga meza. Mkalimani alikuwa amekwisha tafsiri, neno kwa neno, maskini, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo nikawa mwizi wa kitu cha mwenzangu aliyefiwa, na juu yake nimemtukana shahidi marehemu mama yake mbele ya korti. Walitoka nje kidogo wakarudi. Kifungo cha jeshi, kisha kufukuzwa kwa aibu.

Kifungo nilikifanyia Silani, nikivunja mawe. Nilivunja mengi, ukifika kisiwa kile ukaona barabara nzuri ujue mkono wa nani umepita. Wenzangu wakarudi Dar es Salaam kwa bendi, mimi nikarudi baadaye chini kabisa ya meli, na cheti kilichoandikwa tabia mbaya. Nishani sikupewa. Nilipokwenda kuomba kazi bandarini, karani alikisoma cheti akanirudishia kwa ncha za vidole. Kila mwaka wanapokusanyika pale mjini kwenye sanamu ya askari, na nishani vifuani, mie husimama ng'ambo ya barabara na kununua karanga nisizozitaka. Ulipokuwa mdogo nilikupeleka, ukaniuliza mbona hatuingii mstarini. Nikakuambia mie ni wa siri.

Usidhani waliorudi kwa heshima walipata walichoahidiwa. Walipokuja kutuandikisha hapa Temeke, bwana mmoja alipanda juu ya sanduku akasema Mfalme hamsahau mtu aliyemwaga jasho lake. Wenye vyeti safi walipewa koti na mkono wa kuagana, wakaambiwa mengine yanashughulikiwa. Wanaendelea kushughulikiwa. Wengi wao wanasukuma mikokoteni sokoni, nishani zimefungwa kwenye kitambaa. Kwa hiyo mkisimama kwenye gwaride la kwanza, mkisomewa ahadi, sikiliza kwa adabu, piga saluti, lakini usijenge nyumba juu ya maneno hayo.

Miaka mingi baadaye nilikwenda ofisi ya mambo ya askari wa zamani. Karani alikuwa kijana wa bara, Mkristo, mpole, alinipa kiti akaniita mzee. Akaniuliza, "Baada ya hukumu ulipeleka malalamiko kwa mkubwa anayeithibitisha?"

"Mkubwa gani?"

"Hukumu ya korti haikamiliki mpaka ithibitishwe. Pale unaweza kuandika, ukaeleza, ukaita mashahidi wako. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Rafiki yangu mwenye pua iliyobanduka hakuniambia, mkalimani hakuniambia, aliyenifunga hakuniambia. Mlango ulikuwapo siku zote zile nilipokuwa nasubiri kwenye kotagadi nikijitungia matusi mapya ya Mihambo. Yule karani alisema sasa umefungwa, na alivyosema alitazama chini kama aliyeufunga ni yeye. Wewe ukija kukutwa na jambo, uliza: nani anathibitisha, nami namwandikiaje. Uliza mbele ya mtu wa pili.

Ila, mwanangu, nikikufikiria huko uendako, sikuoni sana ukiwa mshitakiwa. Wewe ni mtaratibu, umemfuata marehemu baba yako. Nakuona ukiwa shahidi. Siku moja watakuita, utashika msahafu, na utaulizwa swali fupi ambalo jibu lake litakuondolea utepe mkononi. Mwenzako atakuwa amesimama pale hana mkanda, anakutazama kwa raha kama nilivyomtazama Mihambo. Sitakuambia useme nini. Mimi sijawahi kuwekwa mahali hapo, na Mihambo aliyewekwa alikuwa mtu mzuri. Nakueleza tu jinsi inavyoonekana ukiwa upande wa pili.

Ni kweli nimemwelewa. Nimekuwa nikimwelewa miaka yote hii, na kumwelewa hakujanisaidia kitu. Kilichoniuma si kifungo. Ni kwamba tangu siku ile sikuweza tena kutaniwa.

Baba yako alipofariki ulikuwa na umri wa kuelewa, sijui kama unakumbuka. Wanyamwezi wa mtaa wa pili walikuja, kama ilivyo haki yao, wamevaa magunia, wamebeba sufuria yetu ya wali, mmoja anaigiza alivyokuwa akitembea marehemu na ule mguu wake wa kuchechemea. Watu walikuwa wameanza kutabasamu. Hata mama yako, machozi yanamtoka, mabega yalianza kumtikisika kwa kicheko. Mie nikashika mwiko wa ugali nikawafukuza. Nikawaita wezi. Waliiweka sufuria chini wakaondoka polepole, na matanga yote yakawa kimya, kila mtu na kikohozi chake. Mama yako aliniambia, "Shemeji, umetuzikia mtu kama hana kwao." Hakuniambia lingine mpaka na yeye akaondoka duniani. Mihambo aliniibia mimi, nami nikawaibia nyinyi kicheko cha msibani. Hilo hakuna korti iliyonishitaki.

Basi usimchukie Sajini Meja wako kwa ajili yangu. Usimwabudu pia. Akikutania, mjibu, na umjibu vizuri, usituaibishe. Wakisema huko kambini kwamba wewe ni mtoto wa Mwinjuma mwizi, waambie Mwinjuma alichukua blanketi mbele ya macho ya mwenyewe, na mwenyewe yupo, aulizwe. Kisha mtazame yeye. Utajua kwa jinsi atakavyosimama.

Limebaki la Ijumaa. Mihambo alipokuja hapa nyumbani kuniulizia, ukatoka mbio kunitafuta kwa muuza kahawa, ukanitafuta msikitini, hukuniona. Jioni nikakuambia nilimwona kwa mbali nikageuza njia, kwamba Mwinjuma hapokei mgeni wa namna ile, na wewe ukanitazama kwa heshima. Nilikuwa chooni, Kondo, hapo hapo uani. Nilimsikia amesimama mlangoni anamwambia mama yako mdogo, "Nyumba imeinama, imemfuata mwenyewe. Mwambie nimekuja kukomboa blanketi langu, sigara ninazo." Kisha akangojea. Alingojea sana, Sajini Meja mzima, juani.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa zuri, la kichwa bapa lakini jipya, na nilikuwa nimekwisha shika komeo la mlango. Sikuzuiwa na msimamo wala uchungu wa korti. Suruali yangu, ambayo ni moja, ilikuwa kwenye kamba inakauka kwa ajili ya kukusindikiza Jumatatu, na nilikuwa nimejifunga kanga nyekundu ya mama yako mdogo.